Aliyefungua Hafungi

Mchungaji aliyemzika Nakijwa ni kijana, na hilo simlaumu, ujana si kosa. Ninachomlaumu ni kipaza sauti. Mlima wote kimya, msiba wenyewe watu wamebanana barazani na chini ya turubai, hata kuku akiparua nyuma ya jiko unamsikia, halafu yeye anapiga kelele kama yuko stendi ya mabasi kule Same. "Mama yetu huyu alikuwa jitu la maombi! Alikuwa akiomba, anajibiwa! Papo hapo!" Watu wakaitikia amina. Mimi nimewekwa kiti cha mbele na fimbo yangu katikati ya magoti, nikajisemea moyoni, wee mtoto wee, hujui unachosema. Baada ya kaburi kufukiwa akanifuata. "Shikamoo bibi." "Marahaba, baba." "Naambiwa wewe na marehemu mmesali pamoja tangu usichana wenu. Hebu tupe siri, bibi, siri ya maombi yenye majibu." Alikuwa ananiuliza kwa moyo mweupe kabisa, na ndiyo maana sikumjibu vibaya. Nilimwambia nina kiu, aniletee maji. Akaenda, akakutana na watu njiani, akanisahau, na maji sikuyaona mpaka gari la kunirudisha Same likawashwa. Basi namjibu leo. Mimi nasema, mjukuu wangu anaandika, na nimemkataza kurekebisha.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa vita ya Wazungu, ile ya pili, na kwetu ulikuwa pia mwaka wa njaa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikaa nyumbani kwa Mwalimu Elinaza, kijiji cha juu kidogo ya Myamba, kwa sababu darasa la kipaimara lilikuwa kwake na kwetu kulikuwa mbali. Alikuwa mwinjilisti, lakini siku zile mtu wa kanisa mwenye kusoma na kuandika tulimwita Mwalimu tu, yakaisha. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba vitatu na jiko nje. Chumba cha kwanza kilikuwa cha wageni, na meza, na saa ya ukutani iliyosimama saa nne na robo miaka yote niliyoijua. Cha pili chao. Cha tatu kilikuwa cha mahindi, yamefungwa mafungu mafungu na kuning'inizwa kwenye fito, na chini ya mahindi hayo tulilala wawili, mimi na binti yao Nakijwa. Nakijwa alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Aliniita wifi. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza niliyoingia na kifurushi changu cha nguo, akiniminya mkono na kuangalia kama mama yake amesikia, kwa sababu barua ya posa ilikuwa imeshakwenda kwetu, na aliyeniposa alikuwa kaka yake, Yese.

Nilimpenda Yese. Nasema wazi, nimezeeka mno kuona aibu, na mume niliyekuja kuolewa naye baadaye alijua na hakuwahi kunisumbua. Yese alikuwa mwimbaji wa besi, mrefu, akicheka anaziba mdomo kwa sababu ya jino lililovunjika. Walipochukuliwa vijana wa jeshi alikuwa mmojawapo, akateremka mpaka Same kupanda treni, na sisi wasichana tulimsindikiza mpaka pale njia inapoanza kushuka kuelekea Ndungu, tukaambiwa turudi. Hakuniaga mimi peke yangu, isingewezekana, watu wote wale. Alimshika mama yake mikono akasema kwa sauti ili na mimi nisikie, "Mama, nishikieni zamu yangu." Ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia kwa masikio haya.

Zamu ni zamu ya maji. Kwetu milimani kila mtaa una ndiva yake, bwawa dogo lililozungushiwa ukuta wa udongo na mawe, mababu zetu walilichimba kwa mikono. Maji ya chemchemi ni membamba, ukiyaacha yateremke moja kwa moja kwenye mfereji yanapotelea njiani kabla ya kufika shambani. Kwa hiyo jioni ndiva inazibwa kwa gogo lililoviringishiwa nyasi na udongo, maji yanajikusanya usiku kucha, alfajiri mwenye zamu anakuja kuzibua, na maji yanakwenda kwake siku hiyo. Sasa kuna sheria, na yeyote aliyezaliwa kule anaijua kabla hajajua kuhesabu. Aliyefungua asubuhi hafungi jioni. Anayefunga ni mwenye zamu ya kesho, kwa sababu maji yanayokusanyika ni yake. Ukimwachia aliyefungua afunge mwenyewe, atachelewesha makusudi, ataacha mwanya, atakula maji ya mwenzake. Na kuna sheria ya pili. Zamu ya mtu aliye safarini inashikwa na nyumba yake, hata akikaa miaka kumi, mradi kila siku yake ikifika mtu wa nyumba yake aende azibue. Ila zamu ya marehemu inarudi kwa wazee wa ndiva, wanampa mwingine. Yese alikuwa amepewa kipande cha shamba na zamu yake kabla ya kwenda jeshini, kwa ajili ya nyumba ambayo mimi ningeingia. Kwa hiyo kila siku yake ilipofika tulikwenda mimi na Nakijwa alfajiri, na kuzibua.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Masika yakaja siku nne, yakalowesha vumbi, yakaondoka. Ndiva ilibaki na tope, halafu tope likapasuka. Lakini zamu ziliendelea, maana asiyetokea mara tatu anafutwa, na kila mtu aliamini mvua itarudi kesho kutwa na hakutaka irudi akiwa amefutwa. Hebu fikiria watu wazima, wenye akili zao, wanaamka alfajiri kwenda kung'oa gogo kwenye bwawa lisilo na maji. Mzee Kajiru, mkubwa wa ndiva, anasimama pale na blanketi lake kuhakikisha umekuja. Unang'oa. Hakitoki kitu. Anasema, "Haya, umefungua." Unakwenda zako. Jioni anakuja mwenzako anaziba utupu ule kwa udongo mpya, kwa uangalifu, kama kuna kitu cha kuvuja. Nakijwa alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. "Wifi, leo tumempelekea Yese vumbi la kutosha." Mwanzoni na mimi nilicheka.

Barua za Yese zilikuwa zimekuja mbili, zote fupi, zimeandikwa na mwenzake mwenye mwandiko mzuri ingawa Yese mwenyewe alijua kuandika, na hilo lilimsumbua Mwalimu sana. Kisha zikakatika. Kwaresima ilipoanza, Mama Yese akatuambia kuanzia kesho tutasali alfajiri ndani ya nyumba, kabla ya maji na kabla ya moto, yeye na sisi wasichana, kule kwenye chumba cha mahindi. Alikunja gunia, akapiga magoti, akataja majina. Alianza na wagonjwa, akaja kanisa, akaja mfereji na mvua, na mwisho kabisa, "Na Yese, umlinde." Halafu akanyamaza. Tukangoja. Tukangoja tena. Nikadhani amesahau. Akageuza shingo akatutazama, "Hamfungi?" Nakijwa akasema, "Nini?" "Mimi nimefungua. Mtu anafungua mwenyewe na kufunga mwenyewe, amekuwa mwizi?" Ndipo tukaelewa. Tukasema amina. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya chumba kile. Anayesali hasemi amina yake. Anaacha ombi wazi na anabaki magotini mpaka mwingine amfungie. Sijaona kanisa lolote linalofanya hivyo, na Mwalimu mwenyewe aliposikia alikuna kidevu akasema haikuandikwa popote. Mama Yese akamjibu kwamba ndiva nayo haikuandikwa.

Wiki za kwanza nilikuwa na moto. Nilisali kwa machozi, nilisali nikiteka maji, nilikuwa na hakika kabisa kwamba kuna mtu upande wa pili ananisikiliza, na nikimaliza nilihisi kifua chepesi. Kisha, sijui siku gani, kikakauka. Ningependa kusema kulikuwa na sababu, kwamba nilitenda dhambi fulani au nilikasirika. Hapana. Niliamka siku moja, nikapiga magoti, nikasema maneno yaleyale, na hayakwenda popote. Yaliishia pale pale kwenye gunia. Nikasema labda ni njaa. Nikasema labda ni usingizi. Nikafunga kula, na kufunga katika mwaka ule si jambo la kujisifia, chakula chenyewe kilikuwa makande ya mara moja kwa siku, mahindi mengi, maharage ya kuhesabu, bila chumvi. Hakuna kilichobadilika. Mwezi ukapita, ukaja mwingine. Niliogopa kumwambia mtu. Niliona wenzangu wamefumba macho, uso wa Mama Yese umetulia, nikaamini ni mimi peke yangu niliyeachwa, na nikaanza kuogopa jambo baya zaidi, kwamba kwa ukavu wangu namharibia Yese, kwamba ombi lake linapona kwa mama na kufia kwangu mimi ninayelifunga.

Mtu niliyemtegemea akilini mwangu alikuwa Mwalimu. Nilijiambia, hata kama mimi ni bure, yuko yeye. Akisimama kanisani kuomba, wazee walilia. Basi mchana mmoja baada ya chakula mimi na Nakijwa tulikuwa nyuma ya nyumba tunachambua maharage, tumeegemea ukuta wa chumba chao, na dirisha lao lilikuwa tundu tu lenye kibao, liko wazi. Tulimsikia Mwalimu anasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama Yese, mimi sina kitu." Tukasikia kitanda kikilia. "Tangu mwaka juzi. Naita, haitiki mtu. Nasimama mbele ya watu nasema Bwana yuko karibu, na ndani yangu ni kama ndiva ile. Nafikiri niandike barua misheni waniondoe, nisiendelee kudanganya watu." Nakijwa alinishika goti kwa kucha. Nilitegemea mkewe atalia, au atamfariji, au atamkemea shetani. Nilisikia anaendelea kukunja nguo. "Leo asubuhi umesali?" "Nimesali, ndiyo. Ndiyo ninayokuambia, hakuna—" "Mimi sikuulizi kama ameitika, Baba Yese. Nakuuliza kama umesali." "Nimesali." "Basi lete hilo shati, limechanika begani." Ikawa ndiyo mwisho wa mazungumzo. Nakijwa alianza kucheka bila sauti, kisha nikaona si kicheko. Aliniambia siku ile ile, akiteremsha maharage jikoni, "Wifi, kama baba hasikii, na mama hata haulizi, wewe na mimi tunampigia nani magoti? Mahindi?" Nami nikamwambia ukweli wangu, wa kwanza kumwambia mtu yeyote. "Mimi sijasikia kitu tangu Pasaka." Akasema, "Mimi sijawahi kabisa."

Ningeweza kuacha. Nilitaka kuacha. Nilipanga maneno ya kumwambia Mama Yese, nikayarudia njiani nikienda sokoni Myamba kubadilishana kuni kwa viazi, na kila asubuhi nilipoona gunia limekunjwa tayari, nikashindwa. Haikuwa imani, mjukuu wangu, andika hivyo. Ilikuwa woga. Nilifikiri, je, kama siku ninayoacha ndiyo siku risasi inapomtafuta? Kwa hiyo niliendelea, mkavu, kwa miezi. Mahindi yaliyoning'inia juu yetu yalipungua fungu kwa fungu mpaka tukaanza kuona fito, halafu zikabaki fito tupu. Wanaume walichimba mizizi ya migomba, tukaikausha na kuitwanga, uji wake mweusi unavutika kwenye mwiko. Kukawa na msaragambo, kazi ile ya kijiji kizima, kila nyumba itoe mtu, kusafisha mfereji usio na maji, na watu walianguka kwa udhaifu wakiwa na jembe mkononi. Sisi tulizibua zamu ya Yese. "Haya, mmefungua," anasema Mzee Kajiru. Na alfajiri Mama Yese anafika pale pale, "Na Yese, umlinde," nasi tunamfungia.

Tarishi wa boma alipanda kutoka Same mwezi wa kumi na moja, mchana, tumekaa mezani. Namkumbuka kwa viatu vyake alivyovibeba begani. Tulimkaribisha chakula, akasema amekula njiani, na mtu aliyesema amekula mwaka ule alikuwa ama mwongo au ana habari mbaya. Bahasha ilikuwa na mihuri mingi, imezunguka sijui wapi na wapi. Mwalimu aliisoma kimya. Niliona macho yake yanateremka mpaka chini ya karatasi, yakarudi juu, yakakaa sehemu moja. Kisha akaweka karatasi mezani na kuanza kuhesabu miezi kwa vidole. Mama Yese hakuuliza nini. Alikuwa ameshajua nini tangu tarishi alipokataa chakula. Aliuliza, "Lini?" Mwalimu aliendelea kuhesabu. "Baba Yese. Lini?" Akasema, "Mwezi wa kwanza. Homa. Hospitali ya askari." Mama Yese alishika ukingo wa meza. Uji wa mizizi ulikuwa unapoa kwenye bakuli la bati. Akasema taratibu, kama mtu anayejumlisha, "Mwezi wa kwanza. Sisi tulianza Kwaresima." Akatutazama mmoja mmoja, mimi, Nakijwa, mumewe. "Basi tulikuwa tunamwomba alindwe nani?"

Karibu mwaka mzima. Kila alfajiri. Tulikuwa tunaomba mtu aliyekwisha kuzikwa akingwe na risasi, na tunazibua maji ya marehemu kwenye bwawa lisilo na maji. Kama kuna aliyetusikia, alisikia yote hayo na hakusema hata basi. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye na haijaondoka. Nilijiapiza pale nyuma ya jiko, nimekumbatia nguzo, kwamba magoti yangu hayatagusa tena lile gunia.

Siku ya tatu akaja Mzee Kajiru. Aliacha fimbo yake nje, akakaa ukingoni mwa kiti, akatoa pole kwa urefu kama inavyopasa, na kila mtu mle ndani alijua amefuata nini. Mwishowe akasema, "Mama Yese, unanisamehe. Mimi ni mtumishi wa maji tu. Zamu ya mtoto..." Akashindwa kumalizia, mzee wa watu. Mama Yese akamsaidia. "Zamu chukua, mzee wangu. Ni haki yenu. Umpe mwenye watoto wengi." Mzee akashukuru, akainuka. Alipofika mlangoni Mama Yese akasema tena, "Maji nimekupa. Jina sitoi." Mzee Kajiru hakuelewa, akaitikia tu, ndiyo mama, ndiyo.

Mimi nilielewa alfajiri iliyofuata. Nilimsikia anaingia, anakunja gunia. Sikuinuka. Nilikaa kwenye kitanda, mgongo ukutani, na Nakijwa kando yangu amejifunika mpaka kichwani. Mama Yese hakutuita. Alipiga magoti peke yake, akataja wagonjwa, akataja kanisa, akataja mfereji na mvua, sauti ileile, haikupanda wala kushuka. Akafika mwisho. "Na Yese," akasema. Neno lililozoea kufuata hapo halikuwepo tena la kusemwa. Alilitafuta, nilimwona anafungua mdomo na kufumba. Hakuwa na kitu cha kumwombea. Akaacha jina vilevile, bila ombi, akanyamaza, na akabaki magotini, akingoja. Nikamgusa Nakijwa. Yeye ndiye dada wa marehemu, nilidhani ni haki yake. Akasema ndani ya shuka, na mama yake anasikia, "Mimi sifungi. Kafunge huyo aliyemwachia afe." Mwanga ukaanza kuingia kwenye tundu la dirisha. Jogoo wa jirani, sijui alivyonusurika kuliwa, akawika, akachoka. Mama Yese hakusogea. Alikuwa mwanamke mzima, amekula uji wa mizizi miezi mitatu, na nilianza kuona mapaja yake yanatetemeka, kisha mgongo, kisha akaegemeza mkono mmoja sakafuni. Hakulia. Hakugeuka kututazama. Nikajua kwamba hatainuka. Asingejifungia mwenyewe, si mwanamke yule, angekaa pale mpaka aanguke.

Nikasema, "Amina." Nilisema kwa sababu ya magoti yake. Sikuwa na sababu nyingine yoyote, ya mbinguni wala ya duniani. Sikuhisi kitu, hakuna kilichonigusa kifua, mvua haikunyesha siku hiyo wala mwezi huo. Aliinuka kwa kushika fito moja, akakung'uta gunia, akasema, "Nakijwa, koka moto." Nakijwa akaamka akakoka moto. Kesho yake alfajiri nilikuwa chini na mimi, na wiki iliyofuata Nakijwa naye, amenuna, lakini yuko magotini. Tulisali hivyo mpaka nilipoondoka nyumba ile mwaka uliofuata, na mwisho ulikuwa uleule, "Na Yese," basi, jina tupu.

Nimeishi maisha marefu baada ya hapo na siwezi kuyaeleza yote. Niliolewa Same na mtu wa reli, mwema, nikazaa. Mwalimu alihubiri mpaka uzeeni na barua ya misheni hakuiandika. Mama Yese alipokaribia kufa alitushikisha mikono, mimi na Nakijwa, akasema, "Msiache jina wazi." Ndiyo urithi aliotuachia. Sasa mimi niko Same kwenye vumbi, Nakijwa yuko juu mlimani, tungefanyaje? Tukagawana. Wiki moja mimi nafungua alfajiri huku chini, yeye anafunga kule juu. Wiki inayofuata yeye anafungua, mimi nafunga. Hatusikiani. Unasema maneno yako kitandani Same, unanyamaza, unahesabu muda wa mtu kusema amina huko asikoonekana, unainuka. Tulifanya hivyo zaidi ya miaka hamsini, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ana wifi mlimani ambaye si dada yangu."

Nilimwona mara ya mwisho mwezi mmoja kabla hajafa. Wajukuu walinipandisha kwa pikipiki, mimi na umri huu, nimefungwa kitenge kiunoni na dereva nisianguke. Ndiva ya zamani siku hizi imejengwa kwa saruji, chini yake kumejaa tangawizi. Nakijwa alikuwa kitandani, amekuwa mdogo kama tulipokutana. Tulipobaki wawili nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. "Wifi, hivi kweli ulikuwa unafunga?" Akafikiri. "Siku nyingine nilipitiwa na usingizi. Nikiamka nafunga, hata jua likiwa limetoka." "Mimi nilikuwa naacha wazi najua umefunga." "Basi ulikuwa sawa, ila kwa kuchelewa kidogo." Tukacheka mpaka akakohoa. Nikampa maji. Akaniuliza, "Na wewe wifi, miaka yote hii, umewahi kusikia kitu?" Nilitaka kumdanganya, mtu yuko kwenye kufa. Nikasema, "Hapana." Akapumua kwa nguvu, uso wake ukalegea. "Afadhali," akasema. "Nilidhani ni mimi tu." Akanishika mkono, tukakaa.

Hiyo ndiyo siri, mchungaji wangu, ndiyo uliyonidai na kuninyima maji. Hakukuwa na majibu. Kulikuwa na mtu wa kufunga. Na yeye umemzika kwa kipaza sauti. Wiki aliyokufa ilikuwa yangu ya kufungua. Bado nafungua. Kila alfajiri nashuka kitandani, nataja wagonjwa, nataja kanisa, nataja mvua, maana Same nayo ni ukame, nafika mwisho nasema, "Na Yese. Na Nakijwa." Nanyamaza. Nangoja. Nahesabu ule muda wa kule mlimani, unapita, nahesabu tena, na hakuna aliyenifungia tangu siku ya msiba mpaka leo asubuhi. Siwezi kujifungia mwenyewe, sikulelewa hivyo. Mjukuu wangu huyu huja kuniinua chai ikishapoa, ananishika kwapani, analalamika, bibi utavunjika, bibi sali umekaa kwenye kiti. Yeye hasali kabisa, anasema hasikii kitu. Sijamwambia lolote kuhusu hilo. Sasa naona ameacha kuandika, ananitazama magoti.